Kuhamia Katesh au Mbulu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kufunga Mizigo



Tumeletewa suali na ndugu mmoja wa Pemba, mwenye mke na watoto wanne. Nduguye amefungua duka la nguo na vyombo Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, na amemwita wakafanye kazi pamoja. Yeye yuko tayari. Mkewe hataki. Anasema huko hana mtu, baridi ni kali, na watoto watapotea dini. Mama mzazi wa ndugu huyu ni mtu mzima na miguu yake haina nguvu tena. Anauliza: akihama atapata dhambi? Na akibaki huku rizki imembana, atakuwa amezembea?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu suali hili si la mtu mmoja. Watu wa visiwani wamekuwa wakivuka kwenda bara kwa biashara, ualimu na uuguzi tangu zamani. Wengi huzoea Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, miji ambayo adhana inasikika kila mtaa. Mbulu na Hanang ni kwengine kabisa. Ni nchi ya milima, na Waislamu huko ni wachache. Mwenye kwenda inampasa ajue anakwenda wapi.

Hukumu ya kuhama kwa asili yake

Kuhama mji kwa ajili ya rizki, elimu au kazi asili yake ni jambo la mubaha. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala) Ametutajia katika Suratul-Mulk (67:15) kuwa Ameifanya ardhi iwe nyepesi kwetu, na Akatuamrisha tuende katika pande zake na tule katika rizki Yake. Kisha hukumu hugeuka kulingana na hali ya mtu.

Huwa wajibu pale mtu anapozuiliwa kusimamisha dini yake mahali alipo na ana uwezo wa kuondoka. Hao ndio walioonywa katika Suratun-Nisaa (4:97), na aya ya 100 ya Sura hiyo hiyo inamuahidi mwenye kuhama katika njia ya Allaah kuwa atapata mahali pa kukimbilia na wasaa. Huwa haramu pale mtu anapojua, au anapodhani kwa nguvu, kuwa anakohamia ataacha Swalah, atakula haramu au ataipoteza familia yake. Na huwa jambo jema la thawabu akiwa na nia njema: kuwatafutia watoto chumo la halali, kusomesha Waislamu walio mbali na walimu, au kuwa mfano mwema kwa majirani.

Baadhi ya watu hudhani kuwa Muislamu haruhusiwi kuishi pahala ambapo wengi si Waislamu. Hilo si sahihi kwa ujumla wake. Swahaba walihamia Habasha, nchi ya mfalme wa Kikristo, kwa ruhusa ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), wakakaa huko miaka mingi wakiwa na Ja'far bin Abi Twaalib (Radhwiya Allaahu 'anhu). Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) alipoulizwa kuhusu hijra alieleza kuwa watu walikuwa wakikimbia na dini yao kwa kuchelea fitna, na kwamba baada ya hapo Muumini anamuabudu Mola wake popote anapotaka. Imepokewa na Al-Bukhaariy. Na Al-Maawardiy, katika maulamaa wakubwa wa Kishaafi'iy, ameona kuwa mwenye kuweza kudhihirisha dini yake miongoni mwa wasiokuwa Waislamu, kubaki kwake ni bora kuliko kuondoka, kwa kutarajiwa wengine waingie katika Uislamu kwa sababu yake.

Basi kwa ndugu yetu suali la halali au haramu limeshapata jibu. Linalobaki ni kama ataweza kuidhihirisha dini yake huko, na kama haki za watu walio shingoni mwake zitasalimika.

Haki za watu kabla ya safari

Wa kwanza ni mama. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimrudisha mtu aliyetaka kwenda jihadi alipojua kuwa wazazi wake wawili wako hai, akamwambia jihadi yake iwe kwao. Ikiwa mama hana mwengine wa kumtazama, si halali kumuacha kwa ajili ya kuongeza faida ya duka. Ikiwa wapo ndugu wengine, wakae pamoja wagawane zamu kwa uwazi: nani analala naye, nani anampeleka hospitali, nani anatoa fedha. Na mama mwenyewe aulizwe, asipewe tu habari. Kumchukua naye pia ni njia, lakini mtu mwenye maumivu ya miguu kumpeleka kwenye baridi ya Hanang ni jambo la kushauriana na daktari kwanza.

Wa pili ni mke. Kwa asili mke hukaa pale anapokaa mumewe, ikiwa njia ni salama, makazi yana stara na hatodhurika. Lakini tumuulize ndugu yetu: wakati wa kuposa, walii wa mkewe alishurutisha asitolewe mjini kwao? Maulamaa wamekhitalifiana. Kwa Mahanbali shuruti hiyo ni sahihi, na mume akiivunja mke ana haki ya kuivunja ndoa. Kwa Mashaafi'iy ndoa inabaki na shuruti haimfungi mume. Hata hivyo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa shuruti zinazostahiki zaidi kutekelezwa ni zile ambazo kwazo wanawake wamekuwa halali kwetu. Mwenye kuahidi na atimize, au amtake radhi mwenye haki. Zaidi ya hayo, hofu tatu alizozitaja mke huyu zote zina msingi. Si ukaidi. Mume mwenye busara atazichukua kama orodha ya mambo ya kwenda kuyaangalia.

Wa tatu ni wenye kumdai. Deni lililofika wakati wake halisafiriwi bila ya kulipwa au bila ya ruhusa ya mwenye deni. Aandike madeni yake yote, hata ya duka la mtaani, na aache nakala kwa mtu muaminifu.

Nchi yenyewe ilivyo

Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002, na mji wake mkuu ni Babati. Mbulu na Hanang ziko upande wa magharibi wa Babati, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao watu wa pwani huwaita Wambulu, na Wadatoga, ambao ndani yake wamo Wabarabaig. Wairaqw ni wakulima na wafugaji, Wadatoga wengi wao ni wafugaji. Kila kabila lina lugha yake, lakini Kiswahili kinatosha sokoni na ofisini. Wengi ni Wakristo, na wapo wanaoshika dini za asili. Katika Waislamu wa maeneo hayo wamo Warangi, ambao asili yao ni Kondoa, wilaya jirani yenye Uislamu wa muda mrefu. Kwa hiyo mtu wa visiwani hatokuwa mgeni peke yake. Katesh na Mbulu mjini ipo misikiti. Lakini ukitoka mjini kwenda vijijini, Muislamu anaweza kukaa siku nyingi bila ya kukutana na mwenziwe.

Njia ni ndefu lakini imerahisika. Baada ya boti hadi Dar es Salaam, mtu huenda Dodoma, kiasi cha kilomita 450, kwa basi au kwa treni ya SGR iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Kutoka Dodoma kupita Kondoa hadi Babati ni kilomita 250 hivi za lami. Katesh iko kwenye barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida. Mbulu mjini hufikiwa kwa kupanda kutoka Babati kupitia Magara, au kutoka upande wa Karatu, na huko lami imekuwa ikijengwa kwa vipande. Wakati wa mvua muulize dereva kabla ya kukata tiketi.

Miji hii iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku wake haufanani na chochote alichokizoea mtoto wa Wete au Makunduchi. Blanketi zito, sweta na viatu vya kufunika mguu viingie katika hesabu ya nafaka ya nyumba, kwani nguo ni katika haki za mke na watoto kulingana na hali ya mahali.

Tena kuna mlima. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na Katesh imekaa miguuni mwake. Alfajiri ya tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki na nyumba nyingi zilichukuliwa. Tunaomba Allaah Awarehemu Waislamu waliokufa katika msiba ule na Awape subira waliobaki. Funzo kwa mwenye kuhamia ni jepesi: usikodi wala kununua nyumba iliyo kwenye njia ya korongo au mto unaoshuka mlimani, hata kodi yake ikiwa ya chini. Uliza wazee wa mtaa tope lilipita wapi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kuchagua pa kulala ni katika kufunga ngamia.

Mambo ya ibada yatakayobadilika

Haya ni mambo madogo kwa maneno lakini ndiyo yanayowatatiza watu zaidi.

Saa za Swalah. Katesh na Mbulu ziko magharibi ya Unguja kwa karibu nyuzi nne za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la huko huchelewa kuzama kwa kiasi cha robo saa kuliko Zanzibar. Mwenye kufuturu kwa adhana ya redio au televisheni ya Zanzibar akiwa Katesh amefungua kabla ya magharibi kuingia, na saumu ya siku hiyo ataikidhi. Na mwenye kuswali Alfajiri kwa ratiba ya Unguja anaweza kuswali kabla ya wakati. Ratiba ya zamani iachwe, ifuatwe ya msikiti wa mji.

Qibla. Unguja tunaelekea kaskazini karibu kamili. Mbulu na Hanang qibla ni kaskazini kwa kuinamia mashariki, kama nyuzi tisa. Mwenye kuswali nyumbani aulize msikitini.

Maji ya baridi. Wajibu ni kuyapasha moto maji. Asiyeweza kupasha wala kupata njia nyengine, na akachelea kudhurika kwa ugonjwa, anaruhusiwa kutayammam. 'Amr bin Al-'Aasw (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali katika vita vya Dhaatus-Salaasil, akatayammam na akaswalisha wenziwe, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoelezwa alicheka wala hakumkemea. Katika madhehebu ya Shaafi'iy aliyetayammam kwa baridi huirudia Swalah hiyo baadae. Uzito wa kutoka kitandani si udhuru. Jiko la mkaa na birika vitamuondolea mtu tatizo hili asubuhi nyingi.

Khofu. Sunnah ambayo visiwani wengi wetu tunaisoma tu kitabuni, huko inafaa kila siku: kupangusa juu ya khofu badala ya kuosha miguu. Mkaazi ana mchana na usiku mmoja, msafiri ana michana mitatu na nyusiku zake. Sharti zivaliwe baada ya udhu kamili, zifunike miguu pamoja na vifundo, na ziwe imara za kutembelea. Soksi nyepesi hazitoshi katika madhehebu yetu.

Swalah ya safari. Njiani ataswali rakaa mbili kwa nne na anaweza kukusanya Swalah. Mwenye kwenda Katesh kuangalia mji kwa siku tatu kisha arudi bado ni msafiri. Mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili. Na mwenye kufika kwa nia ya kuishi, safari yake imekwisha pale alipoingia mjini.

Ijumaa. Kauli yenye nguvu kwa Mashaafi'iy ni kuwa Ijumaa inahitaji wanaume 40 walioweka makazi mahali hapo. Mjini jambo hili halina shida. Mwenye kupangiwa skuli au zahanati kijijini, ambako Waislamu hawafiki idadi hiyo na adhana ya mji haimfikii, ataswali Adhuhuri, na awakusanye waliopo waswali jamaa. Wapo maulamaa, wakiwemo Mahanafi, wanaosahihisha Ijumaa kwa idadi ndogo zaidi. Jamaa wa kijiji wasipasuke kwa jambo hili, wamuulize sheikh wa wilaya na washikamane. Na ajue mwenye kuhama kwa kuweka makazi kuwa yeye na wanawe waliobaleghe wanahesabika katika hao 40. Huenda nyumba yake ndiyo ikaitimiza Ijumaa ya watu.

Watoto: skuli, chuo na majirani

Hofu kubwa ya mke wa ndugu yetu ni hii, na tunamuunga mkono kuwa itangulie hesabu za duka. Kabla ya kukodi nyumba, itafutwe madrasa. Ni umbali gani kwa mguu wa mtoto wa miaka saba? Nani anasomesha, na kwa siku ngapi? Nyumba ya ghali iliyo karibu na msikiti ni rahisi kuliko ya bure iliyo mbali nao.

Skuli za Serikali bara zina kipindi cha dini, na wasichana wa Kiislamu huruhusiwa hijabu pamoja na sare. Tatizo linaloweza kutokea ni kukosekana mwalimu wa Kiislamu wa kukishika kipindi hicho. Hapo mzazi aliyesoma chuoni visiwani anaweza kujitolea, na hiyo ni sadaka kubwa. Skuli za makanisa zipo na baadhi zina sifa nzuri za masomo. Mzazi aulize waziwazi kama ibada yao ni lazima kwa kila mwanafunzi. Ikiwa ni lazima, asimpeleke mtoto. Aulize pia mapema mtoto atapokelewa darasa gani, kwa kuwa elimu ya msingi ya Zanzibar na ya bara zinaendeshwa na wizara mbili tofauti.

Kuhusu tiba, hospitali kubwa inayojulikana katika eneo hili ni ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei. Kutibiwa na asiyekuwa Muislamu aliye muaminifu katika kazi yake hakuna ubaya. Mwenye bima ya afya ya Zanzibar aulize kabla ya safari kama itamfaa huko, kwani mfuko wa Zanzibar na ule wa bara ni mbali mbali.

Majirani wana haki zao hata wakiwa si Waislamu. Wasalimiwe vizuri, wazuriwe wakiwa wagonjwa, wapewe mkono wakifiwa, na mchuzi uongezwe maji wapate na wao. Tusichoshiriki ni ibada zao na pombe yao. Mwenye kukataa kwa uso mkunjufu na sababu iliyo wazi huheshimiwa. Anayekataa kwa dharau ameifunga milango ya da'wah kwa mikono yake.

Rizki: duka, nyama na ardhi

Uchumi wa huko ni kilimo na mifugo. Hanang inajulikana kwa ngano, Mbulu kwa vitunguu thomu, na kote kuna mahindi, maharage, mbaazi na ng'ombe. Biashara hupanda baada ya mavuno na hulala miezi ya kulima. Siku ya mnada, wafugaji wanapouza mifugo, ndiyo siku ya muuza nguo. Mwenye kuhamia na mtaji aujue mwendo huo, asije akalazimika kukopa kwa riba miezi mikavu ya fedha.

Duka la bidhaa mchanganyiko litamletea mtihani wa bia. Ataambiwa kuwa bila ya kreti mbili tatu wateja hawaji. Muuzaji wa pombe na mwenye kuibeba wote wametajwa katika walioapizwa kwa ajili yake. Mshirika naye aangaliwe: ndugu akiwa anauza pombe dukani, ushirika huo hauingiliwi mpaka aiondoe.

Nyama ya sokoni aulizie nani anachinja. Kichinjwa cha Mkristo aliyechinja kwa njia ya sawa, bila kutaja jina la asiyekuwa Allaah, ni halali kwa aya ya tano ya Suratul-Maaidah, ingawa Mashaafi'iy wana shuruti zao kuhusu nasaba za Ahlul-Kitaab. Kichinjwa cha anayeshika dini za asili si halali. Lililo salama ni kununua kwa mchinjaji wa Kiislamu, au familia kadhaa za Kiislamu kushirikiana kununua mnyama mmoja na kumchinja wenyewe.

Ardhi ndiyo penye hatari kubwa. Ardhi ya kijiji bara inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Mgeni hanunui shamba kwa kupeana mkono na mtu mmoja chini ya mti. Jambo hupitia halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji. Na Hanang ina historia ya maumivu katika hili. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Miongoni mwa malalamiko yao ni kuwa makaburi ya wazee wao yalilimwa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameonya kuwa mwenye kuchukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa ardhi saba Siku ya Qiyaamah. Usinunue shamba ambalo wafugaji wanasema ni njia ya ng'ombe wao. Stakabadhi haikuondolei dhulma unayoijua. Ushauri wetu ni kukodi mwaka wa mwanzo, nyumba na shamba pia.

Ndoa, talaka na mirathi

Watu wa visiwani tumezoea kwenda kwa Kadhi na hukumu yake ina nguvu ya Serikali. Bara si hivyo. Wapo makadhi chini ya BAKWATA wanaosuluhisha na kuelekeza, lakini amri za kisheria hutolewa na mahakama za kawaida. Ndoa huko inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar, na mzozo wa ndoa hupita kwanza katika baraza la usuluhishi. Wanandoa wachukue cheti chao cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mke asiwe mtu ambaye karatasi zake zote amezishika mumewe.

Katika mirathi, mahakama ya mwanzo inaweza kuigawa mali ya marehemu kwa Sheria ya Kiislamu, lakini huwa panatokea mvutano kama marehemu aliishi Kiislamu au kimila. Kwa hiyo baba wa familia aandike wasia wenye mashahidi: kwamba yeye ni Muislamu, mali yake igawiwe kwa Sheria ya Kiislamu, anadaiwa nini na anadai nini. Wasia usizidi thuluthi wala usimzidishie mrithi. Mali ya ushirika na ndugu iandikwe fungu la kila mmoja tangu siku ya mwanzo. Ndugu wengi wamepatana miaka ishirini, na watoto wao wakagombana siku moja.

Na kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Mwenye kuhama anaweza kufa huko. Kauli sahihi kwa Imaam An-Nawawiy ni kuwa maiti hahamishwi mji hadi mji, bali huzikwa alipofia. Basi ndugu yetu ajue kaburi lake huenda likawa chini ya Mlima Hanang, na hakuna unyonge katika hilo. Aulize mapema makaburi ya Waislamu yako wapi. Na mkewe ajifunze kuosha maiti wa kike kabla ya kuondoka, kwani katika mji wenye Waislamu wachache elimu hiyo ni hazina.

Mpango tunaoupendekeza

1. Shura kwanza, pamoja na mke na mama. Kisha Swalah ya istikhara, rakaa mbili na dua yake. Asingoje ndoto. Aendelee na jambo, likiwa na kheri litafunguka.
2. Aende kuangalia mwenyewe mwezi wa Julai, aionje baridi, au katika mvua za masika, aone njia za maji. Aswali Ijumaa msikitini, ajitambulishe kwa imamu, aitazame madrasa. Akiweza aende na mkewe.
3. Alipe madeni au apate ruhusa ya wanaomdai.
4. Achukue barua ya sheha, kitambulisho cha taifa, vyeti na barua za uhamisho wa skuli. Akifika ajitambulishe kwa mtendaji.
5. Akitangulia peke yake, aweke muda na autimize. Imepokewa kuwa 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliweka kikomo kwa askari waliokuwa mbali na wake zao baada ya kuuliza mke anaweza kusubiri muda gani, na ametajiwa miezi minne au sita. Nafaka itumwe kila mwezi bila kukumbushwa.
6. Watoto wahame mwisho wa mwaka wa masomo, si katikati yake.
7. Baada ya mwaka mmoja familia ikae ijihesabu: Swalah zetu zimezidi au zimepungua? Qur-aan ya watoto imefika wapi? Chumo ni halali? Dini ikiwa imerudi nyuma, kurudi kisiwani si aibu.

Jibu letu kwa ndugu

Kuhama kwako si dhambi, na kubaki kwako si uzembe. Ukipata ndugu wa kumtazama mama kwa radhi yake, ukaiona madrasa kwa macho yako, duka la nduguyo likawa safi na pombe na riba, na mkeo akaridhia baada ya kusikilizwa, basi nenda kwa baraka za Allaah. Ukikosa la mama au la dini ya watoto, bakia na utafute rizki karibu. Mwenye kuacha kitu kwa ajili ya Allaah, Allaah Humbadilishia kilicho bora. Na mkeo umwambie kwa niaba yetu kuwa masuali yake ndiyo yaliyotusaidia kuandika jibu hili.

Mwenye hali tofauti na hii asijipimie kwa jibu la mwengine, bali awaulize masheikh wa mji wake kwa kuwaeleza hali yake yote.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.